Vazi Lililokatwa Visivyo: Njia ya Haki kwa Aliyeagiza Mtandaoni

Zamani, mtu wa pwani alipotaka kanzu ya Idi au gauni la harusi, alikwenda mwenyewe kwa fundi, akasimama wima barazani penye charahani huku kamba ya kupimia ikizungushwa kifuani, kiunoni na nyongani mwake, na kabla ya kazi kwisha aliitwa tena kuijaribu nguo ikiwa imepigwa bandi tu, ili pale palipobana paachiwe na pale palipopwaya pabanwe, kisha ndipo mshono wa kudumu ulipopita. Siku hizi mteja aliye Tanga huona picha ya gauni katika Instagram, akamwandikia mshonaji wa Dar es Salaam kwa WhatsApp, akampelekea vipimo vyake kwa tarakimu chache, akalipa kwa simu ama arbuni ama thamani nzima, na baada ya siku kadhaa akaupokea mzigo wake kwenye ofisi ya basi. Na ndugu zetu walioko London, Muscat au Minneapolis huagiza vivyo hivyo kutoka Mombasa na Zanzibar. Biashara hii ina heri nyingi, kwa maana imewafungulia mlango wa riziki mafundi ambao hawakuwa na uwezo wa kupanga duka, na hasa wanawake washonao majumbani mwao. Lakini katika kuvuka masafa imeipoteza ile hatua ya kujaribisha, na pamoja nayo nafasi ya kuligundua kosa kabla halijawa hasara.

Nguo ya saizi ya kawaida ikirudishwa dukani hutundikwa tena, akaja mtu mwingine akainunua. Nguo iliyokatwa au kurekebishwa kwa mwili wa mtu mmoja haina bahati hiyo: muuzaji akirudishiwa hana wa kumuuzia, na mnunuzi akiachiwa hana wa kumvika. Ndiyo sababu mizozo ya namna hii huwa mikali kuliko thamani ya mali yenyewe, na ndiyo sababu muuzaji aghalabu hujikinga kwa maneno yale yaliyobandikwa katika maduka mengi ya Afrika Mashariki, na ambayo sasa yamehamia katika kurasa za mitandaoni, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nashikilia kwamba maneno hayo, yanapotumiwa kwa vazi lililoagizwa kwa vipimo, ni kweli nusu tu, na kwamba nusu ya pili imewadhulumu wanunuzi wengi kwa kuwa hawakuonyeshwa mpaka uliopo baina ya nusu hizo mbili.

Mpaka wenyewe ni huu. Yuko mtu aliyeletewa kile kile alichoagiza, kwa rangi ile, kwa urefu ule na kwa mshono ule, kisha moyo wake ukageuka kwa sababu ameona vazi zuri zaidi au sherehe imeahirishwa. Na yuko mtu aliyeagiza hiki akaletewa kile. Wa kwanza ana majuto, wa pili ana dai, na mtu akiyachanganya haya mawili hawezi kuamua kwa insafu.

Mataifa yaliyotangulia kutunga sheria za ununuzi wa masafa yameuweka mpaka huo bayana. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo uliopitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika Juni 2014, mnunuzi wa mtandaoni hupewa siku 14 za kubadili nia bila ya kutoa sababu yoyote. Lakini vitu vilivyotengenezwa kwa matakwa ya mnunuzi mwenyewe vimetolewa katika haki hiyo, na mfano mmoja uliotajwa ni mapazia yaliyokatwa kwa kipimo cha dirisha la mtu. Mwaka 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua shauri la mnunuzi wa Ujerumani aliyeagiza jiko la kutengenezewa nyumba yake, kisha akataka kujiondoa kabla muuzaji, kampuni ya Möbel Kraft, hajaanza hata kukata ubao. Mahakama ikasema kwamba kutoanza kwa kazi hakurudishi haki ya kubadili nia, kwani mnunuzi alijua tangu siku ya kwanza kwamba anaagiza kitu cha kwake peke yake. Hukumu hiyo inaonekana ngumu, nami naiona ni ya haki, kwa sababu fundi hawezi kuishi akiwa hajui kama oda aliyoipokea jana bado ni oda leo. Lakini izingatiwe kwamba haya yote yanahusu majuto. Kitu kikifika kikiwa sicho, kinga ya muuzaji haipo tena: nchini Uingereza, sheria ya haki za mnunuzi ya mwaka 2015 humpa mtu siku 30 za kukikataa kitu kisicholingana na maelezo na kurudishiwa fedha zake, na kitu kilichotengenezwa kwa agizo hakikutolewa katika haki hiyo.

Kwetu sisi msingi ni wa zamani zaidi. Kenya na Tanzania kila moja ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa iliyochota kutoka katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, na ndani yake limo sharti ambalo halihitaji kuandikwa na mtu yeyote ili liwepo: kitu kinapouzwa kwa maelezo, sharti kilingane na maelezo hayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeongeza juu yake, katika ibara ya 46, haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupata habari zinazohitajika, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Na sheria ya Kenya ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti ampe mnunuzi nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa, na ya kusahihisha makosa, kabla mapatano hayajafungwa. Kifungu hicho cha kusahihisha makosa kingetekelezwa na washonaji wa mitandaoni kama kilivyokusudiwa, nusu ya mizozo ninayoizungumzia isingezaliwa.

Wala si sheria za kizungu peke yake zilizolifikiria jambo hili. Wanazuoni wa fikihi waliujadili kwa mapana mkataba wa kuagiza kitu kitengenezwe, uitwao istisnaa, na wale wa madhehebu ya Hanafi walihitilafiana kuhusu hali ya mwagizaji baada ya kitu kukamilika: Abu Hanifa alimwachia hiari ya kukipokea au kukiacha, na mwanafunzi wake Abu Yusuf akasema kwamba kitu kikilingana na sifa zilizotajwa, mwagizaji hana hiari tena, kwa maana kumpa hiari ni kumdhuru fundi. Majalla, ile sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya iliyokusanywa kati ya mwaka 1869 na 1876, ilichukua rai ya Abu Yusuf katika kifungu chake cha 392: mapatano yakishafungwa hakuna wa kurudi nyuma, lakini kitu kikitoka kinyume cha sifa zilizotajwa, mwagizaji ana hiari ya kukikataa. Watu wa pwani yetu, ambao wengi wao ni Shafii, hawautambui mkataba huu peke yake bali huuingiza katika hukumu za salam, ambamo thamani yote hulipwa kwanza na sifa za kitu hubainishwa kikamilifu; na hapo pia asiyeletewa kitu kwa sifa zake halazimiki kukipokea. Mafakihi hao, pamoja na wabunge wa London na mahakimu wa Umoja wa Ulaya, wote wamekutana mahali pamoja, na mahali hapo ni maelezo. Anayetaka kujua nani ana haki katika mzozo wa vazi, na atazame kwanza nini kilielezwa.

Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu maelezo ya vazi huwa mafupi na ya hatari. Mteja huandika "kifua 42" na kuona amemaliza, kumbe hakusema kama ni inchi au sentimita, na inchi moja ni sentimita 2.54, hakusema kama amezungusha kamba mwilini au amelaza nguo yake ya zamani kitandani akaipima toka kwapa hadi kwapa, ambapo tarakimu ingekuwa 21 na mtu asiyejua angeisoma kuwa kifua kizima. Tena kipimo cha mwili si kipimo cha nguo. Mwili wa inchi 40 hauvikwi nguo ya inchi 40, kwa maana mtu hupumua, huketi, huinua mikono, na fundi huongeza nafasi ya hayo yote. Mteja akiwa amepima nguo iliyokwisha kuongezwa nafasi hiyo, na fundi akadhani ni mwili, naye akaongeza tena, gauni litapwaya kama hema na kila mmoja ataapa kwamba hakukosea. Yako pia mambo ya kitambaa, kwamba pamba isiyofuliwa kwanza hunywea, na kwamba rangi ya picha hubadilika kwa taa na kwa simu, kiasi kwamba kijani cha mgomba huonekana kijani cha bahari.

Na si kila kosa lina uzito mmoja. Itazame kanzu: ina badani ya mbele na ya nyuma, ina taharizi za ubavuni, ina vikwapa, mikono, ukosi na pindo. Pindo likiwa refu, ni kazi ya dakika chache kulipandisha; likiwa fupi, dawa yake ni kile kilichokunjwa ndani, na fundi mwenye hekima hukunja zaidi ya lazima kwa kuhofia siku kama hiyo. Ubavu ukibana, mshono unaweza kuachiwa kwa kadiri ya akiba ya kitambaa iliyoachwa ndani, ama taharizi zikabadilishwa kwa pana zaidi, mradi jora lile lile bado lipo, kwa sababu nyeupe ya jora hili si nyeupe ya jora lile na jua la Ijumaa litaidhihirisha tofauti. Lakini bega likikatwa fupi, au shingo ikachongwa kwa upana uliopita kiasi, hapana la kufanya ila kushona upya, kwani kitambaa kilichokwisha kuondoka chini ya mkasi hakirudi. Kwa hiyo nusu inchi katika urefu wa gauni haifai kuwagombanisha watu, na nusu inchi hiyo hiyo katika bega ni dai kamili.

Mzigo unapofika, mambo machache ya awali huamua mengi ya baadaye. Nguo ilazwe juu ya meza au sakafu safi, ipimwe kwa kamba, na ipigwe picha kamba ikiwa juu yake ili tarakimu zisomeke, pamoja na karatasi ya mzigo yenye tarehe. Isifuliwe, isipigwe pasi, isivaliwe hata kwa kwenda kuonyesha jirani. Na juu ya yote isipelekwe kwa fundi wa mtaani ili airekebishe kabla muuzaji hajajibu, ijapokuwa hilo ndilo jambo la kwanza linalomjia mtu mwenye haraka; kwa maana katika sheria ya uuzaji, mnunuzi anayekitendea kitu tendo lisiloafikiana na umiliki wa muuzaji huhesabiwa kwamba amekipokea, na haki ya kukikataa humtoka, akabakiwa na dai la fidia tu. Mkasi wa fundi wa pili hufuta pia ushahidi wa kosa la fundi wa kwanza. Sheria haimnyimi mnunuzi muda wa kuchunguza, bali humpa muda wa kadiri. Na kadiri hiyo, kwa vazi la harusi, ni siku chache, si miezi.

Kisha aandike, na asiseme kwa simu peke yake, kwani maneno ya simu hupeperuka. Ujumbe wenye manufaa hufanana na huu:

"Assalaam alaykum fundi. Kanzu nimeipokea leo mchana, ahsante. Nimeilaza nikaipima, toka kwapa hadi kwapa ni inchi 20, yaani kifua kizima ni 40. Mimi niliagiza nguo ya 46 katika ujumbe wangu wa tarehe 3, nawe ukanijibu sawa. Picha hizi hapa. Sijaivaa wala sijaifua. Harusi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Tafadhali nijulishe kesho kabla ya adhuhuri kama waweza kushona nyingine ikafika Jumatano. Ikiwa haiwezekani, naomba unirejeshee fedha zangu, nami nitaitia kanzu kwenye basi lile lile."

Hapana tusi katika maneno hayo, wala hapana unyonge. Yametaja kilichoagizwa, kilicholetwa, siku mapatano yalipofungwa, hali ya vazi, siku ya mwisho na dawa mbili zinazoombwa, na yamemwachia fundi mlango wa kutengeneza heshima yake. Fundi mwenye kuipenda kazi yake atajibu kwa namna hii:

"Waalaykum salaam kaka. Nimerudi kwenye ujumbe wako, ni kweli, nilisoma 40. Jora lipo. Nakata leo usiku, Jumanne inapanda gari. Nauli ya kurudisha ile ya kwanza ni juu yangu. Niwie radhi."

Na mzozo umekwisha. Nimeyaandika mazungumzo haya kwa ukamilifu wake kwa kuwa naona watu wengi wakianza na kurasa za hadhara, wakiweka picha ya fundi na maneno ya kumwita mwizi kabla hata hawajamuuliza. Na mtu aliyekwisha kufedheheshwa mbele ya wateja wake wote hana tena sababu ya kusuluhisha, maana alichoogopa kukipoteza amekwisha kukipoteza. Tena neno mwizi, likitamkwa hadharani juu ya mtu aliyekosea kipimo, laweza kumgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Suluhu zenyewe si aina moja, na uzuri wa sulhu ni kwamba watu wawili wanaweza kukubaliana jambo ambalo hakimu asingeliamuru. Kosa likiwa dogo na vazi likivalika, mnunuzi anaweza kulibakisha na kurudishiwa sehemu ya thamani, kwa kadiri ya tofauti iliyopo baina ya kitu kizima na kitu chenye ila, ambayo wanazuoni huiita arshi. Kosa likitengenezeka, muuzaji apewe nafasi ya kulitengeneza mara moja, kwa gharama zake, pamoja na nauli za kwenda na kurudi. Akishindwa mara hiyo moja, simwoni kuwa na haki ya kuomba ya pili. Kosa lisipotengenezeka, ama lishonwe jingine ama fedha zirudi zote. Na sherehe ikiwa karibu, na muuzaji aliambiwa siku yake wakati wa kuagiza, muda umekuwa sehemu ya mapatano, wala hawezi kumlazimisha bwana harusi apokee kanzu nzuri siku ya Jumamosi kwa ndoa iliyofungwa Ijumaa.

Iko hali inayohitaji uangalifu zaidi, nayo ni ile ambayo mteja ndiye aliyepeleka vipimo vibaya. Haki inamtaka akubali. Fundi aliyeshona inchi 40 kwa sababu aliandikiwa inchi 40 ametimiza, na vazi ni la mteja hata kama halipiti mabegani. Hata hivyo fundi mzoefu anajua kwamba mtu mzima wa kimo cha futi sita hana mkono wa inchi 15, na kunyamaza kwake mbele ya tarakimu isiyoingia akilini ni uzembe wenye sehemu yake katika hasara. Tuseme gauni ni shilingi 80,000, ambamo kitambaa ni 30,000 na kazi ni 50,000. Mimi ningeona ni insafu mteja anunue kitambaa kipya, na fundi ashone tena kwa nusu ya ujira wake. Na hali iliyo kinyume chake ni ya mteja aliyepeleka kitambaa chake mwenyewe, pengine kitenge alicholetewa zawadi au hariri ya mama yake: hapo hakuuziwa nguo, ameajiri kazi, na kitambaa kikiharibiwa fundi hatoki kwa kurudisha ujira peke yake, bali anadaiwa na thamani ya kitambaa.

Njia ya malipo ina nguvu ambayo mnunuzi huijua akiwa amechelewa. Aliyelipa kwa kadi ya benki anaweza kuiomba benki yake ipinge malipo kwa hoja kwamba kitu hakikulingana na maelezo, na mitandao ya kadi ina taratibu na muda maalumu wa ombi hilo, ambao kwa Visa kwa kawaida ni siku 120. Picha za kamba juu ya nguo na ujumbe ulioandikwa ndivyo vitakavyosomwa huko. Aliyelipa kwa M-Pesa au mfano wake hana mlango huo. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya fedha zilizokwenda kwenye namba isiyo yake, na kampuni ya simu haiwezi kuwa hakimu wa bega la kanzu; anayeitumia kumnyang'anya fundi fedha zilizotumwa kwa hiari ametenda kosa jipya. Kwa hiyo ulinzi wa mtu wa malipo ya simu uko katika kugawa malipo: arbuni ya kumwezesha fundi kununua kitambaa, kisha baki baada ya kuonyeshwa picha ya nguo iliyokamilika ikiwa imelazwa na kupimwa. Fundi naye anahifadhika, maana picha hiyo ikikubaliwa na mteja kwa maandishi imekuwa mahali pa ile hatua ya kujaribisha iliyopotea.

Sulhu ikishindikana kabisa, mahakama haiko mbali kama inavyodhaniwa. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya Mahakama ya Madai Madogo, na ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya uuzaji wa bidhaa, haifungwi na kanuni kali za ushahidi, mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili, na shauri linatakiwa liamuliwe katika siku 60. Nchini Tanzania, Mahakama za Mwanzo, ambazo huendeshwa kwa Kiswahili, husikiliza madai ya deni litokanalo na mkataba. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, imepewa pia jukumu la kumlinda mlaji. Na sheria ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2015 imeruhusu ujumbe wa simu na wa intaneti kupokelewa kama ushahidi, hata yule aliyezoea kusema kwamba WhatsApp si mkataba hana tena pa kushika. Mahakama za Kadhi za Kenya hazihusiki, kwa kuwa katiba imezipa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu tu. Lakini hapana linalowazuia Waislamu wawili kumwendea sheikh wanayemwamini awasuluhishe, nami nimesikia masuluhisho ya namna hiyo yakitimizwa kwa uaminifu.

Kikwazo kikubwa cha mahakama hizi ni kumpata mdaiwa. Shauri hufunguliwa dhidi ya mtu mwenye jina na mahali, na wito hupelekwa mkononi mwake. Ukurasa wenye jina la maua na picha za magauni haupokei wito. Aliye London akiagiza kwa mshonaji wa Mombasa, sheria nzuri ya Uingereza haitamfikisha fundi huyo mbele ya hakimu wa London kwa urahisi, na ni afadhali amwakilishe jamaa yake aliyeko Mombasa katika mazungumzo. Kwa hiyo jina kamili la fundi, mtaa anaoshonea na namba yake ya simu ziulizwe kabla ya arbuni kutoka, na jina linalotokea katika ujumbe wa kuthibitisha malipo lilinganishwe na jina lililotajwa; yakitofautiana, iulizwe sababu hapo hapo, na ujumbe huo wa malipo usifutwe hadi vazi limevaliwa na kuridhiwa.